Kiwanda Kina Sababu Zake, Nawe Una Zako

Mwanangu, gari umepata. Golf GTI ya 2018, usukani kulia, imeshuka melini Mombasa ikiwa safi kama ilivyotoka Japani. Sasa nasikia matairi yamekuchanganya. Rafiki mmoja amekushauri uagize yaleyale yaliyofungwa kiwandani, jina lilelile na alama ileile, kwa kuwa orijino haina mpinzani. Mwingine amekwambia uchukue yoyote, mradi yaingie kwenye rimu. Wote wawili wamekosea, ila huyu wa pili anaweza kukuua.

Tuanze na hilo neno orijino, maana ndilo linalowalewesha vijana. Tairi la kiwandani si lazima liwe bora kuliko yote yaliyopo sokoni. Ni lile lililokidhi matakwa ya kampuni ya gari. Kampuni humwita mtengenezaji wa tairi mapema, gari lenyewe bado halijaingia sokoni, akaambiwa: usukani uwe mzito kiasi hiki, kelele zisizidi hapa, uzani huu, bei hii. Huyo naye huleta la kwanza likakataliwa, la pili likakataliwa, hubadilisha mchanganyiko wa mpira na kanda za ndani mpaka wakubaliane. Ndiyo maana matairi mawili yanaweza kubeba jina moja yakawa tofauti tumboni. Linalotengenezwa kwa ajili ya BMW lina nyota ubavuni, la Mercedes lina MO, la Audi lina AO, na Pirelli P Zero zilizofungwa kwenye Hyundai i30 N zina herufi HN. Alama hizo si pambo. Zinasema tairi hili lilikatiwa gari lile.

Lakini katika matakwa hayo yamo mambo yasiyokuhusu. Ulaya gari hupimwa moshi na ulaji wake wa mafuta, na vipimo hivyo huamua kodi na faini. Kwa hiyo kampuni hupenda tairi linaloviringika kwa wepesi. Tatizo ni kwamba mpira hushika lami kwa kukubali kufinyangwa, na kila unapofinyangwa hupoteza nguvu kidogo kama joto. Ukipunguza upotevu huo unaokoa mafuta, na mara nyingi unapunguza mshiko, hasa kwenye maji. Mafundi wa tairi ni hodari, wameziba sehemu kubwa ya pengo hilo, ila mvutano upo palepale. Kampuni iliegemea upande wake. Wewe unayeteremka kutoka Mariakani mvua za masika zikimwagika na lori liko mbele yako, upande wako ni mwingine.

Kama huniamini mimi, waamini Honda wenyewe. Civic Type R ya sasa hutoka kiwandani na Michelin Pilot Sport 4S za 265/30 R19. Mwaka 2023 walipotaka rekodi ya magari ya kukokota kwa mbele katika uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, mzunguko wa kilomita zaidi ya 20, waliyavua hayo wakafunga Pilot Sport Cup 2 Connect. Gari likamaliza kwa dakika 7 na sekunde 44.881. Kiwanda chenyewe kiliona kazi imebadilika, kikabadilisha tairi. Usije ukanielewa vibaya ukakimbilia Cup 2! Hilo ni tairi la uwanjani, mifereji yake ni michache, na maji yakituama barabarani linaelea upesi. Ninachosema ni kwamba tairi huchaguliwa kwa kazi.

Basi kiwanda usikisikilize kwa lolote? La hasha. Kwenye namba, kitii kama unavyomtii daktari. Chuchumaa kando ya gurudumu la mbele, futa vumbi, usome: 225/40 R18 92Y. Upana ni milimita 225, urefu wa ubavu ni asilimia 40 ya upana huo, na rimu ni inchi 18. Hapo vijana wengi husimama. Wewe endelea. 92 maana yake tairi moja linabeba kilo 630, na Y ni kwamba linastahimili mwendo hadi kilomita 300 kwa saa. Hutafika huko, na usijaribu, lakini herufi hiyo inaeleza pia jinsi tairi linavyovumilia joto, nasi joto tunalo.

Sasa nenda dukani. Utaonyeshwa 225/40 R18 nyingine, bei imeshuka, inang'aa, ila mwishoni imeandikwa 88. Ukubwa ni uleule na rimu itaingia bila ubishi. Lakini 88 ni kilo 560. Umepunguza kilo 70 kwa kila gurudumu, 280 kwa gari zima, halafu Krismasi unapakia watu watano na mizigo kwenda Voi. Muuzaji hatakwambia, pengine hata yeye hajui. Rahisi ghali.

Kisha tafuta tarehe. Baada ya herufi DOT, mwisho kabisa, kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi huandikwa ubavu mmoja tu, na fundi anaweza kuwa ameufunga huo kwa ndani, kwa hiyo usione aibu kumwomba anyanyue gari. Michelin hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishafikisha miaka 5 kazini, na likifikisha 10 tangu litengenezwe litupwe hata kama meno bado yamesimama. Jua letu haliongezi siku hizo. Kenya inaruhusu gari lililotumika lisilozidi miaka 8, kwa hiyo zile orijino za kweli, ulizokuta kwenye gari na ukaziringia, zinaweza kuwa na umri wa gari lenyewe. Au si orijino kamwe: magari ya Japani huja wakati mwingine na matairi ya theluji, ambayo utayajua kwa michanjo myembamba mingi juu ya kila jino. Kwenye lami ya Mtwapa saa nane mchana mpira wake hulegea, gari huyumba kwenye kona na breki huchelewa. Yavue wiki hiyohiyo.

Kuna jambo ambalo vijana hunibishia kila mara. GTI hukokota kwa mbele, kwa hiyo matairi ya mbele huisha kwanza. Kijana hununua mawili mapya na kuyafunga mbele, eti ndiko kwenye kazi. Watengenezaji wa tairi wanashauri kinyume: mapya yaende nyuma. Mbele pakiteleza, gari hukataa kona, nawe unaachia mafuta na kusubiri likutii. Nyuma pakiteleza, gari linageuka kutazama lilikotoka, na wachache sana hulirudisha. Bora zaidi ni kuyabadilishana mbele na nyuma kila baada ya kilomita elfu nane au kumi ili yaishe pamoja, ukanunua manne kwa mkupuo. Kwa ndugu zako wa Golf R, GR Yaris na Subaru Impreza WRX hilo si la hiari. Gari la kukokota magurudumu yote likivaa tairi zilizopishana unene, huitafuna difu yake.

Orijino yenye alama ina siku yake. Manne yako yako nusu ya uhai, moja limechanika ubavu kwenye shimo: hapo tafuta lilelile, alama ileile. Yakiisha yote, uko huru. Chukua manne ya aina moja kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, iwe Michelin, Continental, Bridgestone au mwingine wa daraja hilo. Yenye kibandiko cha Ulaya yana herufi ya mshiko kwenye maji, kuanzia A hadi E. Anza na herufi hiyo kabla ya ile ya mafuta. Usukani utauhisi tofauti siku za mwanzo, na kilomita mia chache za kwanza uende taratibu, maana ngozi ya tairi jipya huteleza. Upepo jaza kwa kibandiko cha kwenye gari, tairi likiwa limepoa, si kwa jicho la fundi wa pancha.

Limebaki la rimu za 19 unazozitamani. 225/35 R19 ina ubavu usiofika milimita 80, wakati 225/45 R17 ina zaidi ya 100, na duara zima la gurudumu halitofautiani sana. Kiwanda kilikubali zote mbili kwa GTI hiyo. Wenzako watacheka wakiona 17. Waache wacheke, ndio hao kila mwezi wako kwa fundi wa kunyoosha rimu.

Ukipiga hesabu ukaona fedha hazitoshi matairi manne mazuri, uza hizo rimu za 18, funga 17, na chenji itakayobaki peleka kwenye tairi.