Kupanga Uzazi kwa Mali ya Wageni

Watu wetu wa pwani wana jamaa wengi Nakuru. Tangu reli ilipofika katika Bonde la Ufa wamekwenda huko kwa biashara na kwa kazi, wakajenga misikiti na vyuo, wakaoa na kuozana na wenyeji. Jamaa hao wakija kututazama huja na masuala, na moja katika masuala hayo limekithiri siku hizi. Wake zao, wasema, huenda zahanati wakapewa vidonge, au sindano, au kijiti cha mkononi, ili mimba ichelewe; na sehemu kubwa ya dawa hizo kwa miaka mingi imenunuliwa kwa mali ya mataifa ya kigeni. Je, yajuzu kuzipokea? Na huyo atoaye, naye yuko mbali na dini yake si dini yetu, ana haja gani na matumbo ya wake zetu?

Suala hili lina mafundo matatu, na wengi huyafungua yote kwa mkono mmoja, ndipo yakazidi kukaza. La kwanza ni hukumu ya jambo lenyewe. La pili ni hukumu ya mkono unaolitoa. La tatu, ambalo wachache huliuliza, ni lipi linalotupasa sisi wenyewe.

Ama jambo lenyewe, wanavyuoni wamelisema zamani kabla ya kuwako kidonge wala sindano. Sahaba Jabir bin Abdillahi, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ameeleza kwamba wao walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje ili mimba isishike, zama Kurani ikiteremka. Imam Ghazali, naye ni katika maimamu wa madhhab yetu ya Shafii, amelijuzisha katika Ihya, na katika sababu alizozikubali ni kuhofia maisha ya mke na kuogopa uzito wa kuwa na watoto wengi. Hatufichi kwamba wako waliokhitalifu: Imam Nawawi ameliona ni makuruhu, na Ibn Hazm amelikataza kabisa. Lakini wengi wao hawakuharamisha, na wengi wameshurutisha idhini ya mke. Basi dawa ya kuchelewesha mimba, ikiwa haidhuru mwili, na mume na mke wameridhiana, haikutoka katika mlango huo. Kukata kizazi milele pasina dharura ni mlango mwingine, na kuitoa mimba iliyokwisha kushika ni mwingine tena. Na zikipita siku mia na ishirini wanavyuoni wameafikiana kwamba kuitoa ni haramu, ila kwa kuokoa maisha ya mama.

Wako wasemao: "Huku ni kukosa tawakali, kwani rizki ya mtoto iko kwa Mwenyezi Mungu." Maneno ya mwisho ni kweli, na Kurani imekataza kumwua mtoto kwa kuogopa ufakiri. Lakini auawaye ni aliyekwisha kuwako, si ambaye bado hajaumbwa. Na Kurani hiyo hiyo imetaja miaka miwili mizima ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza. Mama ashikaye mimba ilhali aliye kifuani hajatimiza mwaka amepunguza haki ya huyu, na hatari imewazunguka wote watatu. Mkulima apishanishaye misimu ili ardhi ipumzike hatumwambii kwamba amekosa tawakali.

Sasa tuje katika mkono utoao. Tuhuma za watu wetu hazikuzuka bure. Mwaka 1965 serikali ya Kenya iliwaita wajuzi wa Population Council kutoka New York waishauri juu ya wingi wa watu, na mwaka 1967 ikaanzisha mpango wa taifa wa kupanga uzazi, uliokuwa wa kwanza katika Afrika kusini ya Sahara. Wafadhili wa zama zile walikuwa wakihesabu vichwa: watu wameongezeka kwa kadiri gani, na nchi itaendeleaje kwa wingi huo. Na hesabu ya vichwa ikitangulia, utu wa mtu huwa nyuma. Huko Bara Hindi, katika miaka ya hali ya hatari, 1975 hadi 1977, mamilioni ya watu walikatwa kizazi, na wengi wao kwa kushurutishwa, kwa kuwa maofisa walikuwa wamepewa idadi ya kutimiza. Hiyo ni dhulma, na aliye na akili haoni haya kuihofia.

Lakini insafu yatupasa tutazame yaliyotokea kwetu. Miaka kumi baada ya mpango ule kuanza, uchunguzi wa mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mama wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto 8.1. Mali ya wageni ilikuwako, na mama hakugeuka. Mwaka 1989 wastani ulikuwa 6.7, mwaka 1998 ukafika 4.7, na mwaka 2022 ulikuwa 3.4. Katika miaka hiyo wasichana walisoma, watoto wengi zaidi waliishi, mashamba yakagawanywa hata yakawa vipande, na zahanati zikawa karibu. Mama alipotaka mwenyewe, dawa ikamfaa. Asipotaka, haikumfanya kitu. Huyo si mtu aliyetekwa.

Na katika Bonde la Ufa la kati mali hiyo haikuwa ya vidonge peke yake. Mradi ulioitwa Nuru ya Bonde, ulioanza mwaka 2011 kwa fedha za Marekani, ulitumika Nakuru na kaunti jirani, na baada yake ukaja ule wa Afya Uzazi kwa Nakuru na Baringo, kutoka 2016 hadi 2021. Ndani yake mlikuwamo kuwatazama waja wazito, kuzalisha kwa salama, na afya ya watoto wachanga. Mwanamke afanyaye kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha, akirudi nyumbani jua limekuchwa, na mama wa Marigat ambaye hospitali kwake ni safari, hawakuuliza fedha zatoka taifa gani. Waliuliza kama muuguzi yupo.

Wala Sharia haikutuamuru kuuliza dini ya mtu kabla ya kupokea manufaa yake. Mtume (S.A.W.) alipohama Makka alimkodi Abdallah bin Uraykit awe kiongozi wa njia, naye alikuwa katika dini ya makureshi. Yaliyotazamwa kwake ni mawili: aijua njia, na ni mwaminifu. Basi nasi tumtazame mfadhili kwa mizani hiyo hiyo. Na uaminifu katika jambo hili una alama iliyo dhahiri. Tazama zahanati anayoisaidia: mwanamke akisema, "Mimi sitaki kuzuia mimba," je, atatibiwa kwa uso ule ule mkunjufu? Na mwanamke tasa, atakaye mtoto naye hapati, je, ana mlango wa kuingilia humo? Ikiwa wote wawili wanapokewa kama apokewavyo atakaye kupumzika na uzazi, basi anayesaidiwa hapo ni mama. Ikiwa hawapokewi, basi kinachotakiwa ni hesabu, na mama amekuwa chombo cha kuipatia.

Fundo la tatu ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tuseme mfadhili ni mwaminifu na dawa ni halali. Je, tumemaliza? Hatujamaliza, kwani mkono wa mwenyewe hufunguka apendapo na hufumba apendapo. Mwaka 1984 serikali ya Marekani iliweka sharti kwamba jumuiya yoyote ya nchi za nje itakayopokea fedha zake za kupanga uzazi isijihusishe na kutoa mimba, hata kwa fedha zilizotoka kwingine. Sharti hilo likaondolewa mwaka 1993, likarudishwa 2001, likaondolewa 2009, likarudishwa 2017, likaondolewa 2021, na Januari 2025 likarudishwa tena. Kila chama cha huko kikishinda uchaguzi, amri hubadilika. Mwaka 2001 Chama cha Kupanga Uzazi cha Kenya, kilichoundwa tangu 1962, kilikataa sharti hilo, kikakosa fedha, na baadhi ya zahanati zake zikafungwa.

Sisi hatuna sababu ya kutetea utoaji wa mimba. Lakini zahanati ikifungwa haimfungii mlango mwenye kuitoa mimba peke yake. Humfungia na aliyekuja kumpimisha mtoto uzito, na aliyekuja na maradhi ya kizazi, na mama wa watoto sita aliyetaka kupumzika. Na haya yalikuwa madogo kwa yaliyofuata. Januari 2025 misaada ya Marekani ilisimamishwa kwa amri moja, na ilipofika mwezi wa Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Mwezi huo huo serikali hiyo ilieleza kwamba imekata shauri kuteketeza dawa na vifaa vya kuzuia mimba vilivyokuwa ghalani Ubelgiji, thamani yake yapata dola milioni 9.7, ilhali vilikuwa vimenunuliwa kwa ajili ya nchi masikini. Mama wa Kuresoi hakupiga kura katika uchaguzi wa Marekani, wala hakuna aliyemwuliza neno. Lakini dawa ya mwili wake iliamuliwa huko.

Tusimlaumu sana mwenye mali kwa kuizuia mali yake. Mwenye kulaumiwa ni yule aliyekaa miaka sitini akila katika sahani ya jirani, asipande hata mche mmoja wa muhogo. Uganga wa miili ni fardhi ya kifaya: wakiusimamia baadhi ya watu, wengine wamesalimika, wasipousimamia, mji mzima una dhambi. Imam Ghazali katika zama zake alilalamika kwamba miji mingi ya Waislamu haikuwa na tabibu ila wa dini nyingine, nao Waislamu wamesongamana katika mabishano ya fikihi. Miaka mia tisa imepita, na malalamiko yale yatufaa kama kwamba yaliandikwa jana. Sisi twabishana juu ya kijiti ni halali au haramu, wala hatuulizani ni nani kati yetu aliyemsomesha binti yake ukunga.

Wakfu si jambo geni kwetu. Sayyidna Umar alipopata ardhi ya Khaibar alielekezwa na Mtume (S.A.W.) aizuie asili yake na ayatoe matunda yake sadaka. Sultani Kalauni alijenga hospitali kubwa Kairo mwaka 1284, ikatibu wanaume na wanawake, matajiri na mafakiri, kwa mapato ya wakfu. Na hapa pwani pana nyumba na maduka mangapi yaliyowekwa wakfu, ambayo kodi yake haijulikani yaishia wapi? Kodi ya duka moja la Mombasa au la Nakuru yaweza kumlipa mkunga. Kodi ya maduka matatu yaweza kununua dawa za mtaa mzima, nazo haziondoki uchaguzi ukibadilika.

Wala serikali haikuondokewa na dhima. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeitaja afya ya uzazi kuwa ni haki ya kila mtu, na tangu 2013 hospitali na zahanati nyingi ziko chini ya kaunti. Kaunti ya Nakuru ilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili katika hesabu ya 2019. Makadirio ya fedha yakisomwa kila mwaka, wenye kuswali na wasioswali wana haki ya kwenda kuuliza: fungu la dawa za akina mama ni kiasi gani, na limetoka au limeandikwa tu? Kwenda kuuliza hivyo ni katika kuamrisha mema.

Basi jawabu letu kwa jamaa wa Nakuru ni hili. Pokeeni, maadamu mke ameridhia na mwili haudhuriki, na mshukuruni aliyetoa, kwani asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Wachungeni watoaji kwa alama tuliyoitaja. Lakini msilale. Haja ya mama ni ya kila siku, na ukarimu wa mgeni una siku zake. Mji uliomwachia mgeni haja hiyo umeiweka amana mahali isipofaa kuwekwa, nasi tutaulizwa juu ya amana hiyo, wala hataulizwa yeye.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wasikiao wakafuata lililo jema. Wallahu aalam.