Nani Amenunua Jicho Lako?



Vijana wenzangu wapendwa, swali la wiki hii limetoka kwa binti mmoja wa TYCS, nami nalileta kama lilivyo: "Frateri, Facebook ni bure, Instagram ni bure, mimi nanunua bando tu. Sasa huyo anayenipa bure anapata nini?" Jamani, hilo ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani miaka yote ya falsafa. Aristotle alitufundisha kwamba hujakielewa kitu mpaka ujue kipo kwa ajili ya nini. Basi tuulize.

Kampuni ya Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, hupata karibu mapato yake yote kutokana na matangazo. Maana yake mteja wake si wewe. Mteja ni yule anayetaka kukuuzia kitu. Unapofungua ukurasa, mnada unafanyika kabla hujafumba na kufumbua, na kinachonadiwa ni nafasi ya kukaa mbele ya macho yako wewe, siyo ya jirani yako. Tena mnada huo haumtazami mwenye fedha nyingi peke yake, unapima pia uwezekano wa wewe kusimama na kubonyeza. Uwezekano huo unajulikanaje? Kwa video uliyoitazama hadi mwisho, kurasa unazofuata, mji uliopo, vitu ulivyovitafuta. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyojulikana.

Ndiyo maana ukurasa hauna mwisho. Zamani ulikuwa ukifika chini unabonyeza ili uendelee, na hapo angalau ulipata nafasi ya kujiuliza kama kweli unataka kuendelea. Mwaka 2006 mbunifu wa Kimarekani, Aza Raskin, alibuni mtindo wa ukurasa unaojiongeza wenyewe kila unaposhuka. Baadaye alisema hadharani kwamba anajutia matokeo yake. Na mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alieleza bila kificho kwamba wakati wanaijenga walijiuliza namna ya kuchukua muda na usikivu wa watu kwa kiasi kikubwa iwezekanavyo. Hayo hayakusemwa na paroko mwenye hasira na simu. Ni ya mwenye nyumba.

Mtakatifu Augustino angewaelewa vizuri sana. Katika kitabu chake cha Maungamo, kitabu cha kumi, anakiri kwamba mbwa akimfukuza sungura porini anaweza kumvuta kutoka katika tafakari nzito, na hata akiwa amekaa nyumbani, mjusi akikamata nzi anamfanya akodoe macho. Askofu mzima wa Hippo, hapa hapa Afrika, anasumbuliwa na mjusi! Mimi napenda sana ukurasa ule, unanipa moyo. Lakini angalieni tofauti: mjusi wa Augustino hakumjua Augustino. Hakuwa amehesabu saa ambayo askofu amechoka, wala hakujifunza ni nzi wa rangi gani anamvutia zaidi. Mjusi wetu sisi anajua.

Nitoe mfano, na mwenyewe ameniruhusu. Kijana mmoja, fundi pikipiki, alikuwa akitazama sana video za mpira. Matangazo ya kubeti yakaanza kumjia. Akabeti, akaliwa. Kisha yakaja matangazo ya mkopo wa haraka kwa simu, bila dhamana, dakika tano tu. Akachukua elfu hamsini, na wiki mbili baadaye anadaiwa elfu tisini. Alipochelewa, wale wakopeshaji wakatuma ujumbe kwa namba zilizokuwa kwenye simu yake wakimwita mwizi: kwa mama yake, kwa bosi wa gereji, hata kwa katekista. Kwa aibu hiyo aliacha kuja Misa. Si wote walioona yeye ni mgonjwa wa kutembelewa, wengine waliona ni habari tamu ya kusimuliana nje ya kanisa. Tatizo lenyewe ni kubwa kuliko yeye, maana Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni.

"Si alikubali mwenyewe?" Ndivyo tunavyopenda kusema. Hebu tuende taratibu. Kanisa linafundisha kwamba ili kosa zito liwe dhambi ya mauti lazima pawe na ujuzi kamili na ridhaa kamili. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye anaeleza kwamba utashi huelekea kile ambacho akili imeuonyesha kuwa ni chema. Sasa mtu akishika kile ambacho akili yako inaonyeshwa, asubuhi, mchana na usiku, ameugusa utashi wako bila kukushika mkono. Simwondolei fundi wetu wajibu wake, alibonyeza yeye. Lakini mzigo wote usiwe mgongoni kwake wakati aliyetega mtego anaitwa mjasiriamali. Amri ya saba ina watu wawili hapa.

Msije mkasema Frateri anachukia mitandao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya vyombo vya upashanaji habari, Inter Mirifica, tarehe 4 Desemba 1963, na haikuanza kwa kulaani. Papa Fransisko katika Christus Vivit ya 2019 anasifu mitandao inavyowakutanisha vijana, kisha anataja wazi maslahi makubwa ya kiuchumi yaliyojificha nyuma yake. Na Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka ule ule wa 2006 akiwa na miaka 15, alitengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi. Mashine ilikuwa chini yake.

Kwaya imeniuliza kama ni halali kulipia tangazo la tamasha lao. Ni halali, ni kama gari la matangazo lenye spika. Ila msiandike kwamba atakayekuja atapokea muujiza, na msichague kuwalenga wagonjwa.

Mwisho, kazi ya mikono. Kwenye mipangilio ya Facebook, sehemu ya mapendeleo ya matangazo, kuna orodha ya mada; kamari imo. Gusa, chagua kuona kidogo zaidi. Haiyaondoi yote, lakini yanapungua. Jumapili iliyopita baada ya Misa ya pili tulifanya hivyo na vijana wanne pale chini ya mwembe. Wawili simu zao zilikuwa zimekata chaji, hao nawasubiri Jumapili hii, na fundi wetu amesema atakuja.