Mtoto Mbele ya Hakimu

Wanawake wawili walimjia Mfalme Solomoni wakigombania mtoto mmoja, wala hapakuwa na shahidi. Mfalme akaagiza uletwe upanga, mtoto agawanywe. Hapo mama wa kweli akajulikana, kwa kuwa alikuwa radhi kumkosa mwanawe kuliko kumwona akifa.

Mahakama zetu za Tanzania hazitumii upanga. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka hakimu, kila iwezekanapo, apate shauri la mtu mwenye mafunzo au uzoefu wa ustawi wa watoto, ingawa halazimiki kulifuata. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa uwezo wa kumwomba afisa ustawi wa jamii amwandikie taarifa. Afisa huyo hutaka kujua ni nani ampikiaye mtoto, ni nani amwangaliaye masomo yake, hulala wapi, na akiumwa humkimbilia nani. Tena mtoto mwenyewe ana haki ya kusikilizwa. Taarifa hiyo ndiyo macho ya hakimu katika nyumba asimoingia.

Hapo ndipo penye jaribu, ndugu wasomaji. Wako wazazi, hata Wakristu wapokeao sakramenti, ambao siku ya afisa kuja huazima godoro kwa jirani ili mtoto aonekane ana mahali pa kulala. Wako wamketishao mtoto usiku wakamkaririsha maneno ya kumshitaki mzazi wake. Na wako majirani ambao, wakiulizwa, husema yale yampendezayo rafiki yao.

Twasema wazi kwamba huko ni kuivunja Amri ya Nane. Tena aumiaye si mzazi mwenzake tu, bali mtoto, atakayekwenda kuishi pale uongo ulipompeleka. Na mtoto aliyefundishwa kumchukia baba au mama amefundishwa kuivunja Amri ya Nne na yule yule aliyepaswa kumfunza kuishika.

Mtu atasema: “Nisiposema hivi, nitamkosa mwanangu.” Hofu hiyo twaielewa, si jambo dogo mzazi kulala katika nyumba isiyo na sauti ya mwanawe. Lakini yule mama mbele ya Solomoni alikuwa na hofu hiyo hiyo, naye hakushinda kwa hila. Alishinda kwa kumtanguliza mtoto.

Basi, afisa akija, aikute nyumba kama ilivyo. Akiuliza mema ya mwenzako, yataje. Mtoto aachwe aseme yaliyo moyoni mwake. Nasi majirani tuseme tuliyoyaona, si tuliyoyasikia. Kanisa halichoki kuwaombea mume na mke wapatane. Lakini hata pale wasipokaa tena pamoja, hawaachi kuwa baba na mama.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee wote walio katika shida hiyo, na kwanza watoto wao.