Msiba wa Jirani na Dhambi ya Ulimi

Siku moja watu walimletea Bwana wetu Yesu Kristu habari ya msiba: Pilato alikuwa amewaua Wagalilaya walipokuwa wakitoa sadaka zao. Bwana wetu hakusema kwamba Wagalilaya ndivyo walivyo, wala kwamba walistahili. Aliwakumbusha msiba mwingine, wa mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18, akawauliza kama hao walikuwa na hatia kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawaambia waliomsikiliza watubu wao. Mtakatifu Luka ametuandikia habari hiyo katika sura ya 13.

Twaikumbuka Injili hiyo kwa sababu ya jambo tunaloliona siku hizi kila baa linapowapata watu. Mvua haijakatika, maiti hazijazikwa, na tayari simu zetu zimejaa maneno. Mengine ni ya huruma, nasi twamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini mengine ni ya kuwacheka waliofikwa na msiba, kwa kabila lao, au rangi yao, au upande wa nchi walikozaliwa. Mmoja huanza, wa pili huongeza mzaha, wa tatu hubonyeza kidole mara moja na kuupeleka kwa watu hamsini. Kisha wote watatu hulala usingizi, wala hakuna anayejiona ametenda dhambi.

Ndugu zetu wa kusini wanayajua mabaa. Tarehe 15 Aprili 1952 tufani iliupiga mji wa Lindi. Mwezi wa Januari 2020 mafuriko yalichukua roho za watu wilayani Kilwa. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Kilwa, mabasi na malori yakakwama. Barabara hiyo ikikatika, wilaya za bara kama Ruangwa na Nachingwea nazo huumia. Basi mkulima wa korosho na ufuta huko Nkowe, wilayani Ruangwa, ana haki ya kusikitika akisikia watu wa kwao wakitajwa kuwa ni watu wa nyuma. Hata jina la Wamachinga, ambalo ni jina la kabila la mkoa wa Lindi, watu wengi mjini hulitamka kwa dharau, wasikumbuke kwamba kuna mama anayemwita mtoto wake hivyo kwa fahari.

Lakini yatupasa kumwuliza ndugu huyohuyo wa Nkowe swali la pili. Baada ya wafugaji kuondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, Wasukuma na Wabarabaig walihamia mkoa wa Lindi pamoja na ng'ombe wao. Pakatokea ugomvi wa mashamba, wa malisho na wa maji. Ugomvi huo ni wa kweli, na mkulima aliyeliwa mazao yake anayo haki ya kwenda mbele ya serikali ya kijiji kudai fidia kwa mwenye ng'ombe. Lakini kumdai mtu mmoja ni jambo moja, na kulichukia kabila zima ni jambo jingine. Wabarabaig wamezoea kuitwa Wamang'ati. Neno hilo latoka kwa Wamaasai, na maana yake ni adui. Mtoto wao huzaliwa, na kabla hajajua kutembea tumekwisha kumwita adui.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la mlima Hanang liliushukia mji wa Katesh, likaua watu zaidi ya 80. Nchi ya Hanang ndiyo asili ya Wabarabaig. Miezi mitano baadaye Hidaya ikaja kusini. Je, machozi ya Katesh yalikuwa na rangi nyingine kuliko machozi ya Kilwa? Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hawakusema umcheke kichwa chake.

Huenda mtu akasema: "Hayo ni maneno tu, hayajamwua mtu." Ndugu, yamewaua wengi. Mwaka 1348 tauni ilienea Ulaya, na watu wakaeneza uvumi kwamba Wayahudi wametia sumu visimani. Papa Klementi VI aliandika barua mwaka uleule kuwatetea. Alionyesha kwamba tauni iliwaua Wayahudi pia, na kwamba ilifika hata nchi ambazo hazikuwa na Myahudi hata mmoja. Wengi hawakumsikiliza. Mwezi wa Februari 1349, katika mji wa Strasbourg, mamia ya Wayahudi walichomwa moto. Twasema kwa aibu kwamba waliowachoma walikuwa Wakristu, waliobatizwa kama sisi.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la nchi liliibomoa miji ya Tokyo na Yokohama huko Japani. Uvumi ukaenea tena, uleule: kwamba wageni kutoka Korea wanatia sumu visimani. Maelfu ya Wakorea wakauawa, si na tetemeko, bali na mikono ya jirani zao. Lakini huko Tsurumi, mkuu wa polisi Okawa Tsunekichi aliwaficha Wakorea na Wachina wapatao 300 katika kituo chake. Yasimuliwa kwamba, kundi lenye hasira lilipomjia, aliyanywa mbele yao maji yaliyosemwa kuwa na sumu. Hakuwahubiria kwa maneno mengi. Alikunywa, akabaki mzima, na uongo ukaonekana kuwa uongo.

Wasomaji wapenzi, sisi nasi tufanye hivyo. Kabla ya kupeleka mbele neno linaloshutumu kabila la watu, tulichunguze kwanza. Nani amelisema? Ameyaona kwa macho yake? Na kama ni kweli kwa mtu mmoja, kwa nini tuwatwike wote? Tusipojua, tunyamaze. Na tukijua kwamba ni uongo, tusinyamaze.

Kanisa latufundisha kwamba aliyeiba shilingi hana budi kuirudisha. Kadhalika aliyeharibu jina la mwenzake, hata baada ya kuungama, ana wajibu wa kulitengeneza jina hilo kadiri awezavyo. Ndiyo haki inayodaiwa na Amri ya Nane. Basi aliyepeleka neno la dharau katika kundi la WhatsApp na arudi katika kundi lilelile, kwa watu walewale, aseme waziwazi: "Nilikosea, neno lile halikuwa la kweli, wala halikuwa la Kikristu." Kulifuta kimyakimya hakutoshi. Ni kweli maji yakimwagika hayazoleki. Lakini aliyeyamwaga bado ana miguu ya kurudi kisimani na kuleta ndoo nyingine.

Enyi baba na mama, kazi hii yaanza nyumbani. Sikilizeni watoto wenu wanacheka nini wanapoangalia simu. Jisikilizeni na ninyi mnapomtaja mgeni aliyehamia kijijini, maana mtoto hujifunza dharau mezani kwa wazazi kabla hajaikuta kwingineko. Na ndugu yenu akiwaletea mzaha juu ya waliofiwa, mjibuni kwa upole: "Hawa wanazika watu wao. Tuwaombee, na tuchange tulicho nacho."

Msimu wa mvua utarudi, na hatujui safari ijayo mto utavunja kingo zake upande gani. Hatujui mnara utaangukia nani. Siku hiyo tukiwa sisi ndio tuliosimama salama, tukumbuke kwamba Bwana wetu hakuwaita waliosalimika wawahukumu waliokufa. Aliwaita watubu. Atujalie neema ya kutubu mapema, kwa moyo na kwa ulimi, na hata kwa kidole kile kinachobonyeza simu.