Ushuhuda Niliotoa kwa Haraka

Mwezi uliopita nilishuhudia hapa kanisani kwamba Bwana aliniepusha na ajali pale Gede, nanyi mkasema Amina. Kuna jambo sikulisema.

Lori langu la mawe ni Bedford la zamani. Silinda ya breki ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa inavuja, na spea sikuipata Malindi wala Kilifi. Fundi akasema, "Mzee, tuifunge hiyo paipu, kazi iendelee." Nikakubali. Nikaomba, nikapakia.

Pale Gede watoto wa shule walikuwa wanavuka. Nilipokanyaga breki lori lilivuta upande mmoja, likasimama karibu nao kabisa.

Sasa najiuliza: ile ilikuwa imani? Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka mwenye nyumba ajenge ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Haimwambii aombe tu watu wasianguke. Mimi uvujaji niliuona kwa macho yangu. Nilichokiita kumtegemea Bwana kilikuwa hofu ya kukosa tripu (na madeni, tusifichane). Na waliobeba hatari ile ni watoto wa wenyewe, ambao hawakuulizwa.

Silinda nimezipata Mombasa, mbili, za pande zote, ili breki zishike sawa. Lori lilikuwa limelala siku tisa.

Juzi nikamweleza tanboi wangu habari ya ile paipu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo siku ile, mzee, ulikuwa unajua?"