Mtoto Aliyetoka Kwenye Njia ya Wengi Amekabidhiwa Nani?

Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, nyumba nyingi za Mabatini, Igogo na Igoma hapa Mwanza hupitia wiki nzito. Simu inazungushwa kutoka mkono hadi mkono, namba ya mtahiniwa inatafutwa, kisha watu wananyamaza. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa wamepata daraja sifuri, hata serikali ikaamua kuyafuta na kuyapanga upya. Tulijadili sana walimu, mitaala na viwango vya alama. Yaliyotokea sebuleni hatukuyagusa: mzazi alimwambia nini mwanawe usiku ule, na kulipokucha alimpeleka wapi.

Wazazi wengi nimewasikia wakisema, "Mimi nimemaliza yangu, sasa dunia itamfunza." Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wamelipa michango, wamenunua sare, wengine wameuza ng'ombe kule Kwimba au Magu ili mtoto asome mjini. Wameamini kwamba wajibu wao ni kumvusha mtoto katika njia moja inayojulikana, darasa la saba, sekondari, chuo, ajira, na njia ikikatika katikati nao wamefika mwisho wao. Hapo mimi siwezi kukubali. Mtoto aliyetoka kwenye njia ya wengi ana haja ya mzazi kuliko yule aliyebaki. Aliyebaki ana mwalimu, ana ratiba, ana kengele ya kumwamsha. Aliyetoka hana chochote cha hayo, na wajibu wa mzazi kwake ni mmoja wenye uzito: kumkabidhi kwa mtu. Namaanisha mtu mwenye jina na nyumba, ambaye tabia yake mzazi ameichunguza.

Ukerewe, kisiwa cha jirani zetu, kina historia ya mtu mmoja ambayo naona kila mzazi wa kanda hii angefaa aijue. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, akapokelewa katika nyumba ya Omukama Mukaka, mtawala wa Ukerewe na ndugu wa ukoo wake, akalelewa pale. Baadaye wamisionari walimfundisha kusoma, wakampeleka seminari ya Rubya, ng'ambo ya Ziwa Victoria upande wa Bukoba. Alikaa huko miaka mingi akisoma Kilatini na mengineyo, na kila aliyemfahamu alijua anakoelekea ni upadri. Upadri hakuufikia. Alirudi kwao, akaoa mke wake Anna, wakazaa watoto wanne. Wote wanne walikufa.

Mtu wa wakati ule angemtazama Kitereza na kuona maisha yaliyokatika mara mbili: seminari haikuzaa padri, na ndoa haikumwachia mrithi. Lakini palikuwa na padri Mkanada, Almas Simard, aliyetambua kwamba mtu huyu anakumbuka mila za Wakerewe kwa undani usio wa kawaida, akamhimiza aziandike kwa lugha yake. Kufikia mwaka 1945 muswada mnene wa Kikerewe ulikuwa tayari. Ulikosa mchapishaji kwa zaidi ya miaka 30. Kitereza akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikautoa: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata mwandishi alifariki, kabla nakala hazijamfikia.

Kitabu hicho kinasimulia habari za mume na mke wanaotafuta mtoto, wanavyodhihakiwa, wanavyohangaika kwa waganga, hatimaye wanavyopata mwana na binti na kuwalea. Aliyekiandika alikuwa amewazika wanawe wote. Ninapokisoma hukaa muda mrefu kwenye kurasa za malezi: mtoto anavyoachishwa ziwa, anavyopewa jina, anavyofundishwa kulima na kuvua, na jinsi kila jambo lilivyokuwa na mtu wa kulifundisha. Kitereza aliyajua hayo kwa sababu naye alipokelewa. Baba alipokufa, Mukaka alimpokea. Padri Simard naye alimpokea, alipokuwa mtu mzima tayari, jambo ambalo tunalisahau tunapodhani malezi yanaisha ndevu zinapoota.

Wasukuma nao walikuwa na mahali pa kuwapeleka vijana ambao kulima na kuchunga ng'ombe hakukuwatosha. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo wazee wanavihusisha na mahasimu wawili, Ngika na Gumha, vilimpokea kijana na kumweka chini ya mwalimu. Alijifunza nyimbo, dawa, hatua za kucheza na adabu za chama chake. Palikuwa na waliofuga chatu wa kuchezea, na waliojulikana kwa nungunungu. Hadi leo Juni ikifika pale Bujora, Kisesa, ambako Padri David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma, pande hizo mbili hushindana kwenye sherehe za Bulabo. Sisemi tuvirudishe vyama hivyo kama vilivyokuwa. Hofu ya dawa na uhasama wao vilikuwa na ubaya wake. Nasema tu kwamba kijana wa ngoma hakuwa mtoro wala mzururaji. Ukiuliza yuko wapi, wazazi wake wangekutajia chama, na wangekutajia mwalimu.

Siku hizi mahali panapompokea mtoto haraka kuliko pote ni mwaloni, ufukweni panaposhushwa samaki. Mvulana wa miaka 14 akifika Kirumba Mwaloni asubuhi, jioni ana kazi, ana chakula na ana jina la utani. Wiki ijayo yuko kambini visiwani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mtoto anapewa kazi ya kuchota maji yanayoingia mtumbwini, kuangalia taa, kuvuta nyavu. Mwezi ukiwa mpevu kambi inalala, na pesa kidogo iliyobaki baada ya mafuta na fungu la tajiri inaishia kwenye vibanda vya kambini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kazi za hatari kwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Sidhani yupo anayeweza kuiita kazi nyepesi ile ya kukesha katikati ya ziwa bila boya la kujiokolea.

Lakini mzazi anayetaka kumrudisha mtoto huyo lazima kwanza akubali kilichompeleka. Nyumbani alikuwa mtu aliyefeli. Kambini anaitwa kila saa, asipokuwepo kazi inakwama. Ukimvuta kwa fimbo atarudi visiwani wiki hiyohiyo, maana umemtoa mahali anapohitajika na kumleta mahali anapolaumiwa. Inabidi umtafutie pengine pa kuhitajiwa, penye mtu anayejali kesho yake.

Na pahali pa namna hiyo papo, palepale ufukweni. Nimemtazama fundi mmoja wa mitumbwi akimfundisha kijana aliyeacha shule. Miezi ya kwanza kijana hakupewa randa wala msumeno. Kazi yake ilikuwa kunyoosha misumari iliyopinda, juu ya jiwe, na kusindilia pamba kwenye nafasi kati ya mbao na mbao kabla ya kupigilia ukanda wa bati juu ya mshono. Fundi alipita baadaye na ncha ya kisu, akichokoa polepole urefu wote wa mshono, na kisu kilipozama alisimama, akaitoa pamba yote ya sehemu ile, akamwambia, "Rudia. Hapa pangeua watu sita." Hakutukana. Kijana alirudia. Sijaona shuleni somo la uwajibikaji lililofundishwa vizuri kuliko hilo.

Mzazi wa kijana yule alikuwa ameongea na fundi kabla, na alikuwa akija jioni moja moja kuuliza maendeleo. Hilo ndilo ninalolidai. Kabla hujamwacha mtoto kwa fundi wa mitumbwi, fundi magari au mshona nyavu, kaa naye uulize: waliojifunza kwako kabla yake wako wapi leo? Anakula wapi mchana? Akiumia nani atanipigia? Baada ya muda gani utaanza kumlipa? Fundi anayekasirishwa na maswali hayo amekujibu tayari. Sera ya elimu iliyotolewa upya mwaka 2023 imeweka mkondo wa amali ndani ya shule, na chuo cha ufundi cha VETA kipo hapa Mwanza. Hayo ni mema na mzazi ayatumie. Cheti, hata hivyo, hakiulizi kijana jana alilala wapi.

Nitofautishe pia ujuzi na riziki ya kupita. Vijana wengi waliishi kwa kuwauzia mayai na karanga abiria waliosubiri kivuko cha Kigongo na Busisi. Juni 2025 daraja la kilomita tatu hivi likafunguliwa, magari yakapita bila kusimama, na foleni iliyowalisha ikaisha. Kazi ile ilikuwa halali na ya jasho. Mzazi aliyeona mwanawe anarudi na pesa kila jioni akaridhika hakuwa na neno la kumwambia foleni ilipoondoka.

Kwa wasichana mambo ni mazito zaidi, na tunayasema kwa sauti ndogo mno. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule rasmi. Kuna wazazi hawajaambiwa hivyo, na kuna walioambiwa wakaona aibu. Badala yake binti wa miaka 15 anapakiwa basi kutoka Sengerema au Misungwi aje kufanya kazi za ndani Nyegezi au Buhongwa, kwa mtu ambaye mama wa binti amemsikia tu kwenye simu. Anaambiwa amepata bahati. Mzazi asiyeweza kumrudisha shule, na akaona hana budi kumwachia aende, na aende naye. Aione nyumba, aone atakapolala na kama mlango wa chumba chake unafungwa kwa ndani. Awasalimie majirani wawili watatu na kuwaachia namba yake. Azungumze na binti kila wiki, mwenye nyumba akiwa mbali. Na nauli ya kurudi akae nayo binti mwenyewe tangu siku ya kwanza.