Je, Mwenzangu Aliomba Vibaya?



Kijana mwenzangu, kipindi hiki simu za vijana wengi haziwekwi chini. Matokeo ya kidato cha sita yameshatoka, maombi ya vyuo yameshatumwa, na sasa watu wanasubiri majina. Mmoja anapata ujumbe na kupiga kelele mpaka majirani wanatoka nje. Mwingine anatafuta jina lake mara tatu, halioni, anazima data na kujifunika shuka. Leo nataka tuongee juu ya hawa wawili, maana mimi nilikuwa mmoja wao, na yule mwingine alikuwa rafiki yangu.

Tulisoma PCB shule moja. Mimi kitanda cha juu, yeye cha chini. Wote tulikuwa TYCS, na wote tulitaka kitu kimoja: udaktari, Muhimbili. Unajua mwenyewe ushindani wa pale. Kuwa na sifa za kuomba ni jambo moja, kupata nafasi ni jambo lingine kabisa. Basi mwezi wa nne, kabla ya mtihani, tulisali novena ya Mtakatifu Yuda Tadei. Siku tisa, saa kumi na moja alfajiri, kwa tochi moja. Na nikwambie ukweli, yeye ndiye aliyekuwa ananiamsha.

Matokeo yalipotoka wote tulikuwa na daraja la kwanza. Tofauti ilikuwa Fizikia tu: mimi B, yeye C. Kwenye hesabu za udahili B ni pointi 4 na C ni pointi 3. Pointi moja. Mimi jina likatoka, lake halikutoka.

Jumapili iliyofuata mama akapika pilau, jumuiya ikaja nyumbani kushukuru. Nikaombwa nitoe ushuhuda. Nikasimama, nikasema kwa sauti kubwa kwamba Mungu hamwachi anayemwomba kwa imani, na kwamba mimi ni mfano hai. Watu wakapiga vigelegele. Rafiki yangu alikuwepo, amekuja kumsaidia mama kugawa soda. Jioni tukiwa tunaosha sahani, akaniuliza bila hasira yoyote: "Eti, mimi niliomba vibaya?"

Sikuwa na jibu. Na tangu siku ile swali hilo sijaliacha.

Hebu lifikirie na wewe. Nafasi ni chache. Idadi yake inategemea madarasa, walimu, vitanda vya hospitali vya kufundishia, na fedha. Ukiingia wewe, kuna mwingine anabaki nje. Sasa vijana wawili wanapiga magoti mbele ya Ekaristi ileile, kila mmoja anaomba kiti kilekile. Mungu afanye nini? Je, ni halali hata kuomba kitu ambacho mimi nikikipata mwenzangu anakikosa?

Kuna majibu mawili mepesi, na yote mawili sikubaliani nayo.

La kwanza linasema: aliyekosa alikuwa na kasoro. Imani yake ilikuwa ndogo, au kuna dhambi hakuiungama. Hilo ni jibu la rafiki zake Ayubu, waliomkuta mtu amekaa majivuni wakaanza kumtafutia makosa. Mwisho wa kitabu kile Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu. Na mimi, bila kumtaja rafiki yangu, nilitoa jibu hilohilo mbele ya jumuiya nzima. Ukisema "nimepata kwa sababu niliomba kwa imani," aliyekosa anasikia nusu ya pili hata kama hujaitamka.

La pili linasema: Mungu hana habari na mambo ya udahili, kwa hiyo usimsumbue. Hapana. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba inaruhusiwa kumwomba Mungu mahitaji ya dunia hii, ilimradi tusiyaweke kuwa lengo letu kuu, bali yawe msaada wa kutufikisha kwake. Alifundisha pia kwamba hatusali ili tubadilishe nia ya Mungu. Tunasali ili tupokee yale ambayo yeye amepanga kutupa kwa njia ya sala. Kwa hiyo omba. Tatizo halikuwa novena yetu. Tatizo lilikuwa ushuhuda wangu.

Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 1. Yuda Iskariote ameacha nafasi moja. Petro anataja sifa: awe mtu aliyekuwa pamoja nao tangu ubatizo wa Yohane mpaka siku Bwana alipopaa. Wanapatikana wawili wenye sifa, Yosefu aitwaye Barsaba na Mathia. Wanasali, wanapiga kura, kura inamwangukia Mathia. Sikukuu yake tunaiadhimisha tarehe 14 Mei, wakati vijana wengi wako kwenye chumba cha mtihani.

Tunamsahau Barsaba. Naye alikuwa na vigezo vyote. Naye alimfuata Yesu miaka ileile, njia zilezile. Maandiko hayasemi kwamba imani yake ilikuwa ndogo, wala hakuna aliyesimama kutoa ushuhuda kwamba Mathia aliomba vizuri zaidi. Tena angalia ile sala. Haikuwa ya Mathia kuomba ampite Barsaba, wala ya Barsaba kuomba ampite Mathia. Ilikuwa sala moja, ya watu wote, wakimwomba Bwana aonyeshe nani apewe kazi ile. Walikuwa wanatafuta mtu wa kubeba kazi. Hawakuwa wanapima nani anapendwa zaidi.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilichukua orodha ya udahili nikaigeuza kuwa orodha ya wapendwa wa Mungu. Lakini orodha ile imetengenezwa na watu kwa kufuata pointi, na pointi zina historia yake. Kuna shule yenye maabara na walimu wa Fizikia wawili, na kuna shule ambako majaribio ya vitendo yanachorwa ubaoni. Kuna mwanafunzi aliyesoma usiku kucha, na kuna aliyeuguza mama yake usiku kucha. Mungu yupo katikati ya hayo yote, lakini Mungu si afisa udahili. Tusimpakazie maamuzi yetu, na hasa tusimpakazie yale yasiyo ya haki.

Utauliza: basi nisishukuru? Shukuru! Ila shukrani nayo ina mtego. Yule Farisayo katika Luka 18 alikuwa anasali sala ya shukrani. Alishukuru kwa sababu hayuko kama wengine, akarudi nyumbani bila kuhesabiwa haki. Shukrani ikihitaji mtu wa kulinganishwa naye, imeshaharibika. Nilipaswa kusema hivi tu: nimepewa kitu kikubwa, sijui kwa nini mimi, niombeeni nikitumie vizuri.

Sasa, huko kukitumia ndiko kwenye uzito. Kumbuka mama wa wana wa Zebedayo katika Mathayo 20, aliyewaombea wanawe viti viwili, kulia na kushoto. Wale kumi wengine walipowakasirikia hao ndugu wawili, tunaelewa kwa nini: viti vilikuwa viwili tu. Yesu hakumfukuza yule mama. Aliwauliza vijana kama wanaweza kukinywea kikombe chake, kisha akawaambia wote kwamba kati yao aliye mkubwa ni yule anayewatumikia wengine. Kwa maneno mengine: umeomba kiti, sawa, je unajua kiti hicho ni cha kazi gani?

Mwalimu Nyerere, ambaye Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alikuwa na mfano juu ya wasomi. Aliwafananisha na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wengine chakula. Akila asirudi, ni msaliti. Hakuishia kwenye maneno. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga mpango wa kulitumikia taifa kwa miaka miwili, muda mwingi wa hiyo wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Aliwarudisha nyumbani zaidi ya 300, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Unaweza kubishana naye kama adhabu ile ilikuwa kubwa mno. Swali alilowaachia bado liko palepale: chakula ulichokula ni cha nani?

Kiti cha chuo cha umma kimelipiwa na watu ambao watoto wao hawatakikalia. Muuza mchicha amekilipia kwa kodi ya sabuni anayonunua. Hata bumu unalolisubiri lilitoka mahali. Na mimi, kiti changu kina jina la mtu aliyekuwa ananiamsha saa kumi na moja alfajiri.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kukuomba.

Kama bado unasubiri, badili kidogo sala yako. Usiombe tu "nipe mimi." Mtaje na mwenzako kwa jina. Sema: Bwana, tupe wote wawili kazi ya kufanya, na utusaidie kupokea itakayokuja. Mwombe pia Mtakatifu Yosefu wa Kopertino, msimamizi wa wanafunzi, ambaye sikukuu yake ni 18 Septemba. Masomo yalimshinda sana. Inasimuliwa kwamba siku ya mtihani wa kupewa upadre, askofu aliwauliza wachache wa mwanzo, wakajibu vizuri sana hata akawapitisha waliobaki wote bila kuwauliza. Yosefu alikuwa kati ya waliobaki. Alipita kwa majibu ya wenzake! Ukidhani umefika kwa nguvu zako peke yako, mkumbuke huyu.

Kama umepata vyuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja mapema. Usikae na nafasi mbili mfukoni kwa ajili ya kujionyesha, wakati kuna mtu anasubiri uachie moja. Ni jambo la dakika chache kwenye simu, lakini mbele ya Mungu ni suala la haki kabisa. Na kama kuna mtu anakuahidi kukuingiza chuo kwa mlango wa nyuma, kataa. Kiti cha hongo ni kiti kilichoibwa kwa mtu unayeweza kukutana naye Jumapili kwenye komunyo.

Kama umekosa, sitakwambia kwamba Mungu ana kitu bora zaidi kwa ajili yako mwaka huu. Sijui. Rafiki yangu alisomea ualimu, leo anafundisha Kemia shule ya kata. Anaipenda kazi yake, lakini ameniambia kwamba bado akipita karibu na hospitali moyo unamuuma kidogo. Sijamwambia aache kuumia. Ninachoweza kukwambia ni hiki: hukukataliwa na Mungu. Barsaba alibaki kuwa mfuasi wa Yesu asubuhi iliyofuata kama alivyokuwa jana yake.

Ilinichukua miezi mingi kumtafuta na kumwomba msamaha kwa ushuhuda ule. Akacheka, akasema alishasahau. Sidhani kama alikuwa amesahau. Lakini lile swali lake nilimjibu, kwa kuchelewa: "Hapana, hukuomba vibaya. Mimi ndiye niliyeshukuru vibaya."

Je, kuna mtu wa kwenu ambaye jina lake halikutoka? Mpigie leo, kabla hujaweka picha yako ya barua ya udahili kwenye status.

Tusali: Bwana Yesu, wewe uliyekaa nafasi ya mwisho, uwafundishe waliopata kutumikia, na uwashike mkono waliokosa. Utuondolee kiburi cha kudhani tunapendwa kuliko wengine, na hofu ya kudhani tumesahauliwa. Mtakatifu Mathia, utuombee. Mtakatifu Yosefu wa Kopertino, utuombee. Amina.